Koki Nyekundu

“Bunduki inabaki nje,” alisema mwanamke aliyesimama nyuma ya geti. “Na huyo koplo wako aache rungu lake hapo hapo. Humu ndani kuna chupa nyingi kuliko watu, hatutaki kishindo.”

Inspekta alifungua mkanda, akamkabidhi dereva bastola yake, kisha akainua mikono mitupu. Geti likafunguliwa upenyo wa mtu mmoja. Koplo akajipenyeza nyuma yake huku akinung'unika chini chini kama mtu aliyevuliwa viatu mbele za wakwe.

Nje, malori ya askari yalikuwa yamejipanga kando ya barabara. Mkuu wa Kituo aliegemea gari lake akizungumza na Meneja wa kiwanda na Injinia wa kampuni. Meneja alikuwa amempa Inspekta mkono kwa bashasha. Injinia aliitikia salamu kwa kichwa tu. Na Mkuu hakuwa na la kuongeza zaidi ya alilosema ofisini asubuhi ile: “Watu wamekalia kiwanda cha wenyewe, sasa wamepasua kichwa cha mlinzi. Niletee jina la aliyempiga, kabla ya jioni. Nikiwa na jina, nina sababu. Nikiwa na sababu, naingia.”

Inspekta alikuwa amezoea kutafuta wahalifu. Kutafuta sababu ilikuwa kazi mpya kwake.

Kiwanda chenyewe kilitengeneza chupa. Wiki kadhaa nyuma, kampuni ilitangaza kwamba tanuri litazimwa, mashine zitafunguliwa na kusafirishwa, na kiwanja kitauzwa. Siku ambayo mafundi wa kuzima tanuri walitarajiwa, wafanyakazi waliingia zamu kama kawaida, wakafunga geti kwa ndani, wakakataa kutoka. Hawakuvunja hata kioo kimoja. Walichofanya ndicho kilichomkera Meneja kuliko mawe: waliendelea kutengeneza chupa.

Mwanamke wa getini alitangulia njia. Alikuwa wa makamo, mabega mapana, ovaroli imekunjwa mikono, na filimbi ya chuma ilining'inia kifuani. Kiwanda kizima kilimwita Kipenga. Akiipuliza ile filimbi, ukumbi wote hunyamaza.

“Umeshakwenda hospitali kumwona yule mlinzi?” Inspekta aliuliza.

“Sijaenda.”

“Kwa nini?”

“Nikivuka hilo geti, askari wako hawatanirudisha. Na mimi ndiye ninayewaongoza hawa.” Alitembea hatua chache bila kugeuka. “Anaendeleaje?”

“Bado hajasema neno. Daktari anasema mapigo yake ni mazuri. Ni mtu wako wa karibu?”

“Ni mume wangu.”

Koplo alijikwaa kwenye reli ya vitoroli. Inspekta akapunguza mwendo.

“Mume wako alikuwa upande wa kampuni?”

“Mume wangu alikuwa upande wa mlango.” Kipenga alicheka kicheko kikavu. “Tulipofunga geti, alibaki kwenye mlango wake mdogo wa nyuma, na sare yake, na kofia yake. Nikamwambia jiunge nasi. Akasema, ‘Mama watoto, mimi nimeajiriwa kulinda mlango, silindi upande.’ Watu wakamwita Kufuli la Tajiri. Mimi nikaacha hata kumpelekea chai. Wangemtoa siku ile ile, ila walinistahi mimi.”

“Kwa hiyo wapo wengi waliokuwa na hasira naye.”

“Wote,” alisema Kipenga. “Anza na mimi.”

*

Tanuri lilikuwa katikati ya ukumbi, kubwa kama nyumba, likinguruma. Kupitia kitundu chake cha mbele, kioo kilichoyeyuka kiliwaka rangi ya machungwa, na nuru yake ilicheza ukutani mkabala. Joto lilimpiga Inspekta usoni, akarudi nyuma bila kutaka.

“Likizimika, ndiyo basi,” Kipenga alisema kwa sauti ya kushinda ule mngurumo. “Kioo kinaganda humo ndani, tanuri linapasuka, hakuna wa kulifufua. Hapo hata tukikaa humu mwaka mzima, tutakuwa tumekalia kaburi.”

Fundi wa tanuri alikuja akijifuta jasho kwa kiwiko. Alikuwa mdogo wake Kipenga, baba mmoja mama mmoja, na walifanana hadi mkunjo wa paji la uso. Ndiye aliyemkuta mlinzi.

“Nieleze,” Inspekta alimwambia.

“Honi ya zamu ya asubuhi ililia. Papo hapo nikaona moto unafifia. Nikashuka chumba cha mafuta, huko bomba linakoanzia. Nikamkuta shemeji amelala kifudifudi chini ya koki, damu kichwani, spana kubwa pembeni yake. Nikapiga kelele, tukambeba hadi getini, tukaita gari la wagonjwa.”

“Spana ya nani?”

“Ya chumba. Inatundikwa ukutani, kila mtu anaijua.”

“Koki yenyewe ilikuwaje?”

“Wazi. Sikuigusa.” Alijibu haraka mno, mikono ameirudisha nyuma.

“Kama ilikuwa wazi, moto ulififia kwa nini?”

Fundi alitazama ndani ya kitundu cha tanuri, kana kwamba jibu lingetokea humo. “Mafuta siku hizi ni machafu,” alisema.

Inspekta hakubishana naye. Aliomba kuonyeshwa chumba cha mafuta.

Kilikuwa chini ya ngazi za chuma, kimebana, kinanuka dizeli na rangi mbichi. Bomba nene lilitoka ukutani, na juu yake kulikuwa na koki yenye gurudumu la kuzungusha kwa mikono miwili. Gurudumu lilikuwa jekundu linalong'aa.

“Nani amepaka rangi?”

“Sisi,” alisema Kipenga. “Jana mchana. Meneja alisema redioni kwamba tunaharibu mali. Tukaamua kupaka rangi kila kinachopakika.”

Inspekta aliinama. Rangi ilikuwa imevurugwa pande zote za gurudumu, alama za vidole zikipandiana. Alikumbuka alichoambiwa hospitalini asubuhi, kabla ya kuja hapa: muuguzi alimsugua mgonjwa viganja akidhani ni damu, kumbe ni rangi ya mafuta iliyokataa kutoka kwa sabuni. Na jeraha lilikuwa kisogoni. Mtu alikuwa ameshika koki kwa mikono miwili, akapigwa kwa nyuma.

Pembeni ulining'inia mnyororo wenye kufuli. Kufuli lilikuwa wazi, halina hata mkwaruzo.

“Huu mnyororo ni wa nini?”

“Wa kuzuia mtu asifunge koki. Tuliufunga siku ya kwanza.”

“Ufunguo?”

Kipenga alivuta kamba ya filimbi yake. Ufunguo ulikuwa pamoja nayo. “Haujatoka shingoni kwangu.”

“Upo mmoja tu?”

“Kufuli ni la kampuni, Inspekta. Tulilikuta stoo. Mwenzake wa huu alikuwa kwenye kabati la Meneja, na Meneja alipoondoka hakuacha hata kalamu.”

Mlango mdogo wa nyuma ulikuwa hatua chache kutoka pale. Ulikuwa na komeo zito kwa ndani, na komeo lilikuwa limevutwa, mlango uko wazi. Hakuna aliyelivunja. Mtu wa ndani alilifungua, na mtu wa mlango huo alikuwa mmoja.

Koplo alisubiri hadi Kipenga alipopanda ngazi mbele yao. “Afande, kesi si imeisha? Mlinzi kawasaliti, kamfungulia mtu wa kampuni mlango au kafunga koki mwenyewe. Shemeji mtu kamkuta, kashika spana. Umemwona alivyoficha mikono?”

“Nimeona.”

“Basi tumpe Mkuu jina lake twende tukale.”

“Wewe tumbo lako litakuja kumfunga mtu maisha,” alisema Inspekta, akapanda ngazi.

*

Alimkuta Fundi palepale, akamwomba amshikie tochi. Fundi akanyoosha mkono bila kufikiri. Kiganja chake kilikuwa na michirizi myekundu.

Akautazama mkono wake, kisha akamtazama Inspekta. Hakuuficha tena.

“Ulisema hukuigusa koki,” alisema Inspekta.

Wafanyakazi waliokuwa karibu walisimamisha kazi. Fundi alivuta pumzi, akaweka tochi chini, akasogeza mikono yote miwili mbele kama anayesubiri pingu.

“Niandike mimi. Andika nimempiga mimi. Halafu waambie wale wa nje mtu wenu mmempata, malori yageuze.”

“Mdogo wangu, acha upuuzi!” Kipenga aliruka.

“Si wanataka jina? Wachukue langu! Jina langu moja na tanuri hili, kipi kina watu wengi nyuma yake?”

“Malori hayatageuka,” alisema Inspekta kwa upole. “Jina lako ndilo litakalowafungulia geti. Sasa niambie ukweli. Ulipofika, koki ilikuwaje?”

Fundi alimtazama dada yake.

“Imefungwa,” alisema. “Imefungwa kabisa. Nikaifungua kwanza, ndipo nikaita watu. Nisamehe, dada. Ningesema nini? Niwatangazie watu wote kwamba mumeo alikuwa anatuua? Wanao wangetembeaje mtaani?”

Kipenga aliketi juu ya kreti la chupa. Kote ukumbini minong'ono ilianza, na Inspekta alisikia lile jina likipita mdomo hadi mdomo: Kufuli la Tajiri, Kufuli la Tajiri.

“Moto ulififia mara ngapi?” aliuliza ghafla.

“Mara moja,” alisema Fundi.

“Mara mbili,” ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Bibi wa Taa, mkaguzi wa chupa. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya taa na kutazama kila chupa ikipita, na kiti chake kilielekea ukuta ule ambao nuru ya tanuri ilicheza.

“Mimi nakaa nautazama ukuta huo zamu nzima, mwanangu,” alisema. “Ulififia, nikasema ndiyo hao wametuweza. Mara ukarudi, ukawaka vizuri. Nikamshukuru Mungu. Baadaye kidogo ukafifia tena, honi ikiwa inalia.”

Fundi alikuna kichwa. “Hiyo ya kwanza ni kweli. Lakini ilikuja ikapita yenyewe, nikaihesabu ni uchafu kwenye bomba.”

“Uchafu haushiki gurudumu kwa mikono miwili,” alisema Inspekta. “Kipenga, nataka kufunga koki.”

Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja alisema ndiyo maana polisi hawaaminiki, mwingine akasema atolewe nje. Kipenga aliinuka kwenye kreti, akaweka filimbi mdomoni, akapuliza mara moja. Kimya.

“Unataka kuona nini?”

“Nataka kuona mafuta yaliyobaki ndani ya bomba yanachukua muda gani kuisha. Fundi ataifunga kwa mkono wake. Moto ukitikisika tu, aifungue.”

Kipenga alimgeukia Fundi. “Mdogo wangu, shuka naye. Na mimi nasimama hapa juu.”

Walifunga. Koplo alisimama kwenye kitundu cha tanuri akisubiri. Moto haukubadilika. Bibi wa Taa akamimina chai, akaipoza, akanywa kikombe chote, na moto bado ulikuwa uleule. Ndipo nuru ya ukutani ikaanza kunywea. Koplo akapiga kelele, Fundi akazungusha gurudumu, na mngurumo ukarudi taratibu. Watu wote walipumua kwa pamoja.

Inspekta alipanda ngazi, mikono yake mwenyewe imejaa rangi kwa kumsaidia Fundi kuzungusha.

“Koplo. Leo asubuhi ni wewe uliyepokea simu ya Meneja.”

“Ndiyo, Afande. Alisema wafanyakazi wamempiga mlinzi kwenye koki ya mafuta.”

“Ulipokuwa ukizungumza naye, honi ya kiwanda ilikuwa imelia?”

Koplo alifikiri. Honi ile ilisikika mji mzima. Watu walirekebisha saa zao kwayo. “Haijalia. Ilipolia nilikuwa nimeshaweka simu chini, nakoroga chai.” Kisha mdomo wake ukabaki wazi.

“Moto hufifia kikombe kizima cha chai baada ya koki kufungwa, kwa hiyo aliyefunga alipata muda wa kukimbia na kupeleka habari nje. Fundi alimkuta mlinzi baada ya honi,” alisema Inspekta. “Kabla ya honi, humu ndani hakuna aliyejua. Meneja alijua.”

Alimgeukia Kipenga, akashusha sauti, ingawa ukumbi wote ulikuwa umetega masikio.

“Sikiliza, dada. Mumeo alimfungulia mlango mtu wa kampuni. Hilo siwezi kulifuta. Pengine alikuwa bosi wake, na yeye amezoea kutii. Mtu huyo alifungua kufuli kwa ufunguo wake, akafunga koki. Moto ukafifia mara ya kwanza. Kisha ukarudi. Nani aliurudisha? Fundi alikuwa huku juu. Wewe ulikuwa getini. Pale chini palikuwa na watu wawili, na mmoja ndiye aliyefunga.”

Kipenga alifumbata ufunguo uliokuwa shingoni kwake.

“Mumeo aliifungua tena. Alishika koki kwa mikono yote miwili, akaifungua, akakataa kuiachia, ndipo akapigwa kisogoni. Mpigaji akafunga mara ya pili, akakimbia. Mlinzi hakuwa anawazima. Alikuwa anawawashia.”

Kipenga alijishika kiuno, akageuza uso upande wa tanuri.

“Mjinga yule,” alisema. “Angeniita. Angepiga hata ukelele mmoja, tungeshuka wote.” Akajifuta macho kwa kiganja. “Nani alimpiga?”

“Njoo tukamwulize.”

*

Getini, Mkuu alitazama saa yake. “Una jina?”

“Karibu ninalo, Afande.” Inspekta alimwendea Meneja. “Ulijuaje kwamba mlinzi wako amepigwa?”

“Nina watu wangu humo ndani.”

“Nitajie mmoja.”

“Siwezi kuhatarisha maisha ya mtu.”

“Huyo mtu wako alikupa habari kabla ya mtu yeyote wa humu kuiona. Tena akakwambia hadi mahali alipoangukia.” Hakumsubiri ajibu. Alimgeukia Injinia, akanyoosha mkono. “Sisi hatujasalimiana vizuri.”

Injinia alisita. Watu wote walikuwa wakimtazama, pamoja na Mkuu, na mkono wa Inspekta uliendelea kuning'inia hewani. Mwishowe akautoa wake. Ulikuwa umesuguliwa hadi ngozi ikawa laini, unanuka mafuta ya taa. Lakini mafuta ya taa hayafiki kila mahali. Kwenye mizizi ya kucha kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu.

Inspekta aliuinua juu, akauweka kando ya wake. Rangi ileile.

“Iliyopakwa jana mchana,” alisema. “Na wewe tangu geti lifungwe hujaingia humu. Au umeingia?”

“Aling'ang'ania!” Injinia alipasuka, sauti ikimkatika. “Nilimwambia ni amri, achia. Akasema, ‘Mke wangu yuko juu.’ Basi! Mke wangu yuko juu, mke wangu yuko juu, hana neno lingine! Meneja alinipa ufunguo, akasema nizime tu, hakuna atakayeumia...”

“Nyamaza wewe!” Meneja alifoka. Alikuwa amechelewa. Koplo, ambaye muda huo alishasahau kabisa habari ya kula, alikuwa ameshawafunga pingu wote wawili kwa mkupuo mmoja.

Nyuma ya geti hakuna aliyeshangilia. Kipenga alisimama ameshika nondo za geti kwa mikono miwili.

“Mume wangu alisema hivyo?” aliuliza. “Yuko juu?”

“Alisema,” alijibu Inspekta. “Panda gari langu, nenda ukamwone. Dereva atakurudisha mpaka hapa getini, na utaingia. Nimesema mimi.”

Kipenga alivua filimbi yake, akamvisha mdogo wake shingoni. Kisha akatoka. Askari walimpisha bila kuambiwa.

Gari lilipopotea kwenye kona, Mkuu alikohoa. “Kazi nzuri. Nitaiandika. Sasa sogea, tumalize hili jambo. Vijana, jiandaeni.”

“Kumaliza jambo gani, Afande?”

“Geti. Mhalifu amepatikana, lakini kiwanda bado ni cha mwenyewe.”

Inspekta alikwenda kwenye gari la doria, akachukua utepe wa polisi, akafunga ncha moja kwenye nguzo ya kushoto ya geti. Akatembea nao polepole hadi nguzo ya kulia, akafunga fundo.

“Hapa ni mahali pa tukio,” alisema. “Pana jaribio la kuua. Ushahidi wangu uko kwenye bomba, kwenye tanuri na kwenye mlango wa nyuma. Hakuna kitakachotolewa, hakuna kitakachozimwa, hakuna atakayeingia bila saini yangu. Walio ndani ni mashahidi, nao watabaki hapo hapo hadi niwahoji wote. Na mimi huhoji taratibu.”

Uso wa Mkuu uliiva. “Unajua kesho naweza kukufukuza kazi?”

“Najua.”

“Na?”

“Ukinifukuza, Afande, sitoki ofisini.”

Ng'ambo ya geti mtu alicheka, kisha wengine, kisha kicheko kikasambaa hadi ndani ya ukumbi kwa wale ambao hata hawakusikia kilichosemwa.

“Ondoeni huo utepe!” Mkuu aliwaamuru askari.

Askari walitazamana. Aliyekuwa mbele, jitu la kimo cha mlango, aliutazama utepe, akamtazama Inspekta, akawatazama wanawake wa kufungasha chupa waliojipanga ng'ambo ya geti. Aliweka ngao yake chini kwa uangalifu, ukingo ukigusa lami bila sauti. Kisha akarudi nyuma hadi kwenye ngazi ya lori, akaketi.

Na wenzake, mmoja baada ya mwingine, wakaketi.